Msimamo wa Kikristo: maana yake katika maisha ya kila siku

Nenda Kariakoo ukanunue simu, muuzaji atakutajia bei mbili. Ya kwanza ni ya mteja anayetaka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ya pili iko chini kidogo, ya mteja atakayeondoka bila risiti. Mchungaji hayupo, kwaya haiimbi, na hakuna atakayejua. Msimamo wa Kikristo unahusu hasa mahali kama hapo.

Kwa maneno ya kawaida, ni uamuzi ambao muumini ameshaufanya kwa sababu ya kumfuata Kristo, kuhusu atakalotenda na asilotenda, kabla jambo lenyewe halijamfika mkononi. Danieli alipopelekwa Babeli, Biblia inasema "aliazimu moyoni mwake" kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Wahubiri wengi huishia hapo. Kinachofuata ni kizuri zaidi: alikwenda kwa msimamizi wake, akaomba kwa adabu, akapendekeza majaribio ya siku kumi ya mboga na maji. Hakupindua meza ya mtu. Petro naye, anapowataka waumini wawe tayari kujibu habari za tumaini lao, anaongeza "kwa upole na kwa hofu".

Naeleza hivi kwa sababu siku hizi mwenye msimamo ni yule mwenye sauti kubwa: anagombeza mabinti wa watu kuhusu suruali, anarusha mistari ya Biblia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Mimi huuliza swali moja tu: gharama inamwangukia nani? Fundi anayekosa tenda kwa kukataa kutoa chai analipa mwenyewe. Mzee wa kanisa ambaye misimamo yake yote hulipwa na mkewe, wanawe na majirani, huyo ana kitu kingine.

Tena si kila jambo linastahili kuitwa msimamo wa imani. Msabato hali kitimoto, Mlutheri jirani yake anakiagiza na ndizi. Mpentekoste hagusi bia, Mkatoliki anaweza kunywa moja baada ya misa na asione kosa. Wote ni Wakristo. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma kuhusu mabishano ya namna hii, ya vyakula na siku, akasema: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Ila hakumwachia aliye huru ajivunie uhuru wake. Alisema ni afadhali kuiacha nyama kuliko kumkwaza ndugu.

Afrika Mashariki tuna kielelezo chetu: uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, walijulikana kwa kutubu hadharani, lakini kilichowashangaza majirani kilikuwa vitendo: mtu anarudisha jembe aliloliiba zamani, anamlipa mwajiri fedha ambazo hakuna aliyekuwa akizidai. Walikuwa na ugumu wao pia. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, akiwamo William Nagenda, na hata leo unaweza kubishana kama pale walitetea imani au walishindwa tu kutii wakubwa.

Jaribu zito lilikuja Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Wakikuyu wengi wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wakieleza kwamba waliokwisha kunywa kikombe cha Bwana hawawezi kuapa kwa damu ya mnyama. Serikali ya kikoloni ikadhani imepata watu wake, ikataka kuwapa silaha. Wengi wakazikataa bunduki pia. Wakawa washukiwa huku na huku, na baadhi waliuawa. Wapo Wakristo wengine waliokula kiapo wakiamini kwamba kudai ardhi iliyoporwa ni haki, na siwezi kuwahukumu. Ninachokiona kwa hawa waliokataa mara mbili ni kwamba imani yao haikuwa kisingizio cha kuegemea upande wenye nguvu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana la Uganda, mtoto wa uamsho huohuo, aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji.

Wengi wetu hatutafika huko. Mtihani wetu uko kwenye ukoo. Kuna tambiko kaburini kwa babu, na aliyeokoka anaogopa kwenda, kwa hiyo anazima simu. Huko ni kujificha. Mwenye msimamo hufika mapema, huchota maji, hubeba viti, kisha husema wazi: "Baba mdogo, ng'ombe wa chakula nachangia, ila kwenye kumwaga pombe kaburini mnisamehe." Watanuna, labda kwa muda mrefu, lakini hawatasema amewatupa. Anayekataa tambiko na mchango wa sukari pamoja, akisingizia wokovu, ukoo unamjua tangu zamani kuwa ni bahili.

Kazini sheria inasaidia kiasi. Uhuru wa imani unalindwa na Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 32 ya Kenya, lakini ratiba ya zamu haipangwi na Katiba. Muuguzi Msabato, ambaye Sabato yake huanza machweo ya Ijumaa, atapaswa kuzungumza na msimamizi mapema na kujitolea kushika Jumapili na Krismasi ambazo wenzake wanazitaka. Na ikitokea dharura? Hospitali za Wasabato zenyewe, kama Heri kule Kigoma na Kendu Bay nchini Kenya, hupokea wagonjwa Jumamosi, kwa kuwa Yesu aliponya siku ya Sabato. Mjamzito akifika na uchungu, muuguzi anavaa glovu. Karatasi za ankara, zile anaweza kuziacha hadi jua lizame.