Diski inayokufa: kopi kwanza, kutengeneza baadaye

Diski yako ikianza kuchukua dakika nzima kufungua folda moja, au ikiwa inatoa mlio ambao jana haukuwepo, chomoa. Najua inauma, unaona folda zile pale zimetokea na picha za mtoto zimo humo, unatamani ungoje kidogo labda zitafunguka, lakini diski mbovu ikiwa inazunguka inazidi kujimaliza, na wengi wanaoniletea diski dukani wanakuwa wameshashinda nayo siku nzima wakijaribu kila kitu walichoona YouTube. Inafika kwangu imeshachoka kabisa, wakati ingeletwa mapema ningetoa karibu kila kitu.

Humo ndani kuna sahani za aluminiamu au kioo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, hakigusi. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe hiyo nafasi ikoje. Kichwa kikichoka au diski ikidondoka mezani huku inafanya kazi, kinaweza kugusa sahani na kukwangua lile tabaka la sumaku ambalo ndo data yenyewe, alafu ule unga unasambaa unaenda kuharibu na sehemu nyingine. Hakuna programu duniani inayorudisha kilichokwanguliwa.

Sasa kitu kinachoniumiza sana ni CHKDSK, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Unachomeka eksteno (diski ya nje ya USB), Windows inakwambia ina tatizo, irekebishe, au inakuuliza kama unataka kuifomati, na mtu anabonyeza ndiyo kwa sababu ujumbe umetoka kwenye kompyuta yenyewe. CHKDSK imetengenezwa kwa ajili ya diski isiyo na ubovu ambayo mafaili yake tu yamevurugika, mfano umeme umekatika wakati inaandika. Haikutengenezwa kwa diski ambayo vichwa vyake vinakufa. Ukiweka ile /r itasoma diski yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, itang'ang'ania sekta mbovu (sekta ni vile vipande vidogo vya kuhifadhia data), na itakuwa inaandika mabadiliko humohumo kwenye diski inayokufa, rekodi ya faili ikishindwa kusomeka inaweza kuifuta kabisa. Kuna kijana wa studio ya harusi aliniletea eksteno ya TB 1 ikiwa imeshapitishwa huko kwa fundi mwingine, folda za harusi zikawa zimegeuka vipande vyenye majina ya FILE0001.CHK, FILE0002.CHK, hivyo hivyo mpaka mwisho. Video zenyewe nyingi zilikuwepo ila kuziunganisha na majina yake ilikuwa kazi ya kuangalia moja moja, huyu bibi harusi nani, hii ni sendoff au ni ukumbini.

Kwa hiyo mi naanza na masikio. Ikigonga tak tak tak alafu inazima, hapo ni vichwa, mara nyingi vimeshindwa kujipata juu ya sahani, na hiyo siiwashi tena, mwenyewe namwambia aamue kama data ina thamani ya kwenda maabara yenye chumba kisicho na vumbi na kutafutiwa diski nyingine ya modeli hiyohiyo ya kutolea vichwa. Ni gharama kubwa na namwambia wazi. Kuifungua mezani hapa Kariakoo na feni inapuliza, hapana. Na ile ya kuiweka kwenye friza pia hapana, ikitoka kwenye baridi inatoa jasho ndani na maji juu ya sahani yanaua kichwa papo hapo.

Ikiwa kimya kabisa, haizunguki wala haipumui, uliza kwanza ilichomekwa adapta gani. Hizi eksteno kubwa za inchi 3.5 zinatumia volti 12, na pini yake inaingiliana na chaja nyingi za laptop ambazo ni volti 19. Mtu anachomeka tu, pap, kimya. Hapo mara nyingi kuna dayodi ya ulinzi kwenye bodi imejitoa muhanga, imepiga shoti ili umeme mkubwa usipite, unaipima na mita, ukiitoa na kumpa adapta sahihi diski inaamka, na hiyo haitoki mpaka data yote imetoka maana sasa haina ulinzi. Kama bodi yenyewe imeungua usinunue tu bodi inayofanana ukabandika. Zamani ilikuwa inakubali, ila diski za sasa kila moja ina vipimo vyake vya kiwandani ndani ya chipu ndogo ya ROM, lazima uihamishe hiyo chipu kwenda bodi mpya la sivyo vichwa havijui visome vipi.

Kundi kubwa zaidi ni zile zinazozunguka vizuri, hazigongi, ila zinagandaganda. Hizo ndo tunaziokoa hapahapa. Naichomeka kwenye mashine ya Linux, ambayo nimeizuia isifungue diski yenyewe, naangalia SMART, yaani rekodi za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe, kwa programu ya smartctl, hasa namba 5, 197 na 198, zote zinahusu sekta mbovu. Ya 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, ikiwa na mamia ujue kazi ipo. Ila ikiwa sifuri usijipe moyo sana, Google walitoa utafiti mwaka 2007 wa diski zao zaidi ya 100,000 wakakuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kwenye vile vipimo vinne vya SMART walivyoona vinatabiri kifo vizuri zaidi, huku zile zilizoonyesha kosa la kwanza la skani (diski ikijikagua yenyewe) zikiwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Yaani ikilalamika iamini, ikinyamaza usiiamini.

Alafu ndo inakuja ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ni ya bure, na kwa kweli huyu mtu amewafuta machozi watu wengi sana ambao hata jina lake hawalijui. Uzuri wake ni mpangilio wa kazi. Kukopi kwa kawaida kukifika kwenye sekta mbovu kunakwama hapo hapo, kichwa kinarudia na kurudia mpaka kinakufa, wakati kumbe mbele kulikuwa na gigabaiti mia tano nzima kabisa hazijaguswa. ddrescue ikikutana na ubovu inaruka, inaenda kuchukua kilaini kwanza, inarudi kinyumenyume upande wa pili wa shimo, na vile vigumu inaviacha mwisho. Mi naanza hivi:

ddrescue -d -n /dev/sdb harusi.img harusi.map

Hiyo /dev/sdb ni diski ya mteja, harusi.img ni imeji, yaani kopi ya diski nzima ndani ya faili moja, na -n inaiambia isianze kung'ang'ania sehemu ngumu sasa hivi. Kikiisha kilaini ndo nairudia bila -n, na -r3 ili sekta zilizobaki izijaribu tena mara tatu. Kabla ya kubonyeza enta angalia kwa lsblk, komandi inayoorodhesha diski zote, tena angalia mara mbili, ipi ni ya mteja na ipi ni ya kupokelea, ukizigeuza umemaliza kila kitu. Na ya kupokelea iwe na nafasi ya kutosha kubeba diski nzima.

Hiyo harusi.map ni faili dogo la maandishi tu, unaweza kulifungua ukaona, alama ya + ni kilichopatikana, ? hakijajaribiwa, - ni sekta mbovu. Hilo ndo linafanya umeme ukikatika katikati usianze upya, unarudisha komandi ileile na inaendelea ilipoishia. Kwa umeme wetu huu hicho ni kitu kikubwa sana, japo UPS bado ni lazima maana kila kuwasha upya kunaumiza vichwa.

Uwe na subira. Kwa spidi ya MB 100 kwa sekunde TB 1 inaisha kwa saa tatu kasoro, ikishuka MB 1 ni siku 11 na zaidi, na mteja anapiga simu kila asubuhi "fundi vipi, imetoka?" Mi namwonyesha skrini, asilimia ilipofikia na makosa mangapi, wengi wakiona namba inatembea wanatulia. Iguse diski kwa mkono wako, ikianza kuwa ya moto sana isimamishe, iwekee feni, endelea.

Ikiisha, diski ya mteja inazimwa na inakaa pembeni, kila kitu kingine kinafanyika kwenye ile imeji, tena kwenye kopi ya imeji. Kama folda zinafunguka unatoa mafaili kawaida, kama hazifunguki kuna programu za uokoaji, TestDisk na PhotoRec, ya pili inatoa picha na video hata kama majina yamepotea.

Hatua moja mafundi wengi wanaruka ni kujua mafaili gani yamepigwa. Faili linaweza kuwa na jina sahihi na saizi sahihi huku katikati lina shimo. ddrescue inaweza kujaza yale mashimo kwa neno unalotaka wewe, mi naweka MBOVU-HAPA kwenye faili dogo la neno.txt alafu:

ddrescue --fill-mode=- neno.txt kopi.img harusi.map

Baada ya hapo naifungua imeji kwa kusoma tu na kutafuta hilo neno kwa grep, komandi ya kutafuta maneno, kwenye mafaili yote. Yanayotokea ndo yaliyoumia. Yule kijana wa studio nilimpa orodha yake imechapishwa pamoja na diski mpya, akakaa nayo dukani akifungua video moja moja, zilizoumia akajua ni kipande gani cha kuwaomba ndugu walioshuti kwa simu, na ile eksteno ya zamani nikamwambia asiitupe mpaka wenye harusi wote wameshapokea kazi zao.