Kombe wa Baharini: Yanayodhaniwa na Ukweli Wenyewe

Wengi hudhani kombe, mnyama wa magamba mawili, amejizika mchangani akingoja tu kuokotwa. Ukweli ni kwamba yuko kazini. Huchomoza mirija miwili: mmoja wa kuvuta maji, mwingine wa kuyatoa. Ndani, matamvua huchuja vijimea vinavyoelea, na chembe asizozitaka huzifunga kwa ute na kuzitema. Mabaki hayo hutua chini, yakaliwa na minyoo na bakteria.

Anayeamini kwamba kiumbe mdogo hivyo hawezi kuitikisa bahari aitazame ghuba ya San Francisco, Marekani. Mwaka 1986 alionekana huko kwa mara ya kwanza kombe mgeni kutoka Asia Mashariki, Potamocorbula amurensis, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi. Muda si mrefu, vijimea vilivyokuwa vikifurika kila kiangazi kaskazini mwa ghuba vikatoweka, na vidudu vya majini vinavyovila vikapungua. Chakula kilichokuwa kikiwafikia samaki wa juu kiliishia chini, ndani ya magamba.

Husemwa pia kwamba kombe halishi kiumbe yeyote mpaka afe kwanza. Si kweli hata kidogo! Samaki bapa wachanga humnyatia, wakaikata ncha ya mrija uliochomoza, naye akaiotesha upya. Nyama ile imekwisha kuliwa, lakini ukipima kombe waliopo huioni.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo: kuchanganya uzito uliopo leo na uzalishaji, yaani nyama mpya inayoongezeka kwa mwaka mzima. Eneo lenye kombe wakubwa, wazee, huvutia macho, ila kwa kila kilo huzalisha kidogo. Wachanga ndio wanaokua mbio, na ndio wanaoliwa mbio na kaa, viti vya pweza, ndege wa pwani na konokono watoboa magamba. Kuwadharau kwa udogo wao ni kutoielewa bahari.

Na mistari ya gamba, ambayo huhesabiwa ili kujua umri? Si kila mstari ni mwaka. Dhoruba au msimu wa kutaga huweza kuacha alama. Hata wataalamu huhitaji uangalifu. Kombe wa aina ya Arctica islandica aliyevuliwa Aisilandi mwaka 2006 alikadiriwa kwanza kuwa na miaka zaidi ya 400. Mistari ya kwenye bawaba, pale magamba mawili yanapoungana, ilikuwa imebanana mno. Ilipohesabiwa upya sehemu yenye nafasi, mwaka 2013, ikawa miaka 507.