Kisima kimezinduliwa, nani atakitunza? Maswali na majibu kuhusu misaada ya maji, vyoo na usafi

Serikali moja inapoisaidia nyingine katika maji na usafi, inatoa nini hasa?

Inatoa fedha, vifaa au wataalamu ili watu wa nchi inayoendelea wapate maji salama, vyoo na mahali pa kunawa mikono. Mara nyingine fedha hutoka hazina ya mfadhili hadi wizara ya nchi inayosaidiwa. Mara nyingine hupitia Benki ya Dunia, UNICEF au shirika lisilo la kiserikali, na hapo anayesoma kibao kisimani hawezi kujua kwamba aliyelipa ni mlipakodi wa nchi ya mbali.

Wengi hudhani yote hiyo ni zawadi. Sivyo. Mabomba makuu, mitambo ya kusafisha maji na mifumo ya majitaka ya mijini hujengwa sana kwa mikopo yenye masharti nafuu, yaani riba ndogo, muda mrefu wa kulipa, na miaka kadhaa ya mwanzo ambayo mkopaji halipi kitu. Unafuu huo ndio unaoandikwa kuwa msaada. Deni lenyewe linabaki kwa wananchi, ambao hulilipa kupitia ankara za maji au kodi, bomba likitoa maji au lisipotoa. Kwa hiyo ukisikia mradi umetangazwa, swali la kwanza liwe: ni ruzuku isiyorudishwa au ni mkopo?

Mabomba na vyoo ni kazi ya wahandisi. Vinaingiaje kwenye afya?

Magonjwa mengi ya tumbo husafiri njia moja: kinyesi cha mtu kinafika kinywani mwa mwingine. Kinapitia maji, vidole, nzi, udongo au chakula. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na minyoo vyote hutumia njia hiyo. Choo kinazuia kinyesi kisitoke, klorini inaua vimelea vilivyofika majini, na sabuni inaviondoa vidoleni. Kichocho ni tofauti kidogo, maana mdudu wake hupenya ngozi ya aliyeingia majini, lakini naye alifika humo kwa mkojo au kinyesi cha binadamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.4 walikufa kwa sababu ya maji yasiyo salama na uhaba wa vyoo na usafi. Kuhara peke yake kulichukua zaidi ya milioni moja kati yao. Na kwa takwimu za WHO na UNICEF zilizotolewa mwaka 2025, watu bilioni 2.1 bado hawana huduma ya maji iliyo salama kikamilifu, na bilioni 3.4 hawana huduma kama hiyo ya vyoo. Waliokuwa wakijisaidia vichakani au mahali pa wazi walikuwa milioni 354.

Tusisahau zahanati. Mkunga asiye na maji ya bomba anazalisha mama kwa mikono ambayo hakuweza kuinawa vizuri. Hilo dawa hazilirekebishi.

Je, kuna ushahidi kwamba fedha hizi huokoa maisha?

Upo, ila si wa moja kwa moja kama mabango ya miradi yanavyodai.

Mfano unaotia moyo ni mnyoo wa Guinea, unaoingia mwilini kwa maji ya kunywa. Mwaka 1986 ulikuwa ukiwapata watu wapatao milioni 3.5 kwa mwaka, Afrika na Asia. Ugonjwa huu hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Umepigwa vita kwa vitambaa vya kuchujia maji, vyanzo salama, dawa ya kuua viroboto wa majini wanaobeba mnyoo huo, na wafanyakazi wa kujitolea wanaofuatilia kila mgonjwa kijijini kwake. Mwaka 2023 na mwaka 2024 wagonjwa walioripotiwa duniani kote hawakufika 20 kwa mwaka.

Ushahidi wa klorini nao ni mzito. Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, na wenzake walikusanya majaribio mengi ya kusafisha maji ya kunywa, wakakuta vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takribani robo. Klorini ni rahisi kuliko kisima kirefu, lakini haina jiwe la msingi la kuwekwa na mgeni rasmi, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutopewa fedha inazostahili.

Kisha kuna habari iliyowaumiza vichwa wataalamu. Mwaka 2018 na 2019 yalitolewa matokeo ya majaribio makubwa matatu, ya Bangladesh, Kenya na Zimbabwe. Familia zilijengewa vyoo bora, zikapewa klorini na vifaa vya kunawia, kisha watoto wakapimwa urefu ili kuona kama udumavu umepungua. Haukupungua popote kwa sababu ya vyoo na maji. Urefu uliongezeka kidogo kwa watoto waliopewa lishe ya nyongeza. Kuhara kulipungua Bangladesh, lakini Kenya na Zimbabwe hakukupungua.

Wapo waliorukia kusema basi vyoo havina kazi. Mimi siyasomi hivyo. Kilichopimwa ni maboresho madogo ya ngazi ya kaya: choo kizuri cha shimo, ndoo yenye bomba la kunawia, chupa ya klorini. Maji bado yalichotwa mbali na kubebwa kichwani, jirani asiye kwenye jaribio bado alikuwa na choo kibovu, na kuku waliendelea kunya uani anapotambaa mtoto. Bangladesh wahamasishaji walizitembelea kaya mara nyingi zaidi kwa mwezi kuliko Kenya. Somo ninaloliona ni kwamba robo ya huduma haileti robo ya afya. Uchafu usipopungua mtaa mzima, tumbo la mtoto halitambui tofauti.

Mbona visima vingi vya msaada vinaharibika na kuachwa?

Kwa sababu msaada hununua ujenzi, na afya hutokana na uendeshaji. Tafiti za Afrika kusini mwa Sahara zimeonyesha kwamba siku yoyote ile, kati ya robo na theluthi ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Nyingi kati ya hizo hazijafa. Zinasubiri kipuri, pengine mpira mdogo wa ndani ya silinda au fimbo iliyokatika, ambacho hakiuzwi kokote karibu kwa kuwa mfadhili alileta aina ya pampu isiyotumika kwingine katika eneo hilo.

Kwa miaka mingi jibu lililopendwa lilikuwa kamati ya watumiaji maji. Wanakijiji huchaguana, huchanga kila mwezi, na mmoja hufundishwa ufundi. Baadhi ya kamati hizo hufanya kazi vizuri mno. Nyingi hufifia: mweka hazina anahama, michango inakauka msimu wa mvua kwa kuwa watu wanakinga maji ya paa, na fundi aliyefundishwa anapata kazi mjini. Tuseme ukweli, hakuna mtu anayewataka wakazi wa mtaa wa kitajiri waunde kamati ya kutengeneza bomba lao. Wao wana mamlaka ya maji yenye mafundi wa mshahara. Kijiji nacho kinahitaji fundi anayelipwa, awe wa halmashauri au wa kampuni yenye mkataba wa matengenezo, na hapo ndipo fedha za wafadhili huwa adimu, maana mshahara wa fundi haupigiki picha.

Zipo programu zilizojaribu kulirekebisha hili kwa kulipa baada ya matokeo. Fedha hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba maji yanatoka, na wala si baada ya risiti ya saruji. Ni bora zaidi, ili mradi uthibitisho ufanyike hata miaka kadhaa baada ya uzinduzi.

Msaada unaweza kuleta madhara?

Umeshawahi. Kuanzia miaka ya 1970 Bangladesh ilichimba visima vya bomba kwa mamilioni, UNICEF ikiwa miongoni mwa waliosaidia, ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakieneza kuhara. Nia ilikuwa safi, na maji yalionekana safi. Lakini hayakupimwa aseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini. Iligunduliwa visimani mwaka 1993, na mwaka 2000 jarida la WHO lilichapisha makala iliyoliita janga hilo kuwa sumu iliyowadhuru watu wengi zaidi katika historia. Makadirio ya waliokuwa hatarini yalikuwa kati ya milioni 35 na milioni 77.

Haiti nayo ilipigwa na tetemeko Januari 2010, na Oktoba mwaka huo kukazuka kipindupindu. Uchunguzi uliufuatilia hadi majitaka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaliyoingia katika kijito cha mto Artibonite. Waliougua walizidi 800,000, na waliokufa walikaribia 10,000. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Hata msaidizi ana choo, na choo chake kinaweza kuua kama cha mwingine yeyote.

Kwa nini maji hupewa kipaumbele kuliko vyoo?

Mwanasiasa akifungua bomba hupigiwa vigelegele. Akifungua choo watu hucheka. Mwaka 2008, katika Azimio la eThekwini (jiji la Durban, Afrika Kusini), serikali za Afrika ziliahidi kutenga angalau asilimia 0.5 ya pato la taifa kwa vyoo na usafi. Ni chache mno zilizokaribia. Na choo chenyewe si mwisho wa kazi, kwani shimo hujaa. Tope la kinyesi linalonyonywa shimoni likimwagwa mtoni usiku, kijiji cha chini ya mto kinakunywa kile ambacho mtaa wa juu unadhani umekidhibiti.

Wafadhili wakipunguza fedha itakuwaje?

Wameshapunguza. Uingereza ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itafika 0.3 mwaka 2027. Marekani, iliyokuwa na sheria maalumu ya msaada wa maji tangu mwaka 2005, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika lake la USAID likaacha kuendesha misaada hiyo tarehe 1 Julai mwaka huo. Mradi uliosimama nusu ni hatari kuliko ambao haukuanza. Mtaro ulio wazi hukusanya maji machafu, na mabomba yaliyofukiwa bila kuunganishwa hujaa tope.

Hata hivyo msaada haukuwahi kutosha. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kufikisha huduma salama kwa wote ifikapo 2030 kungehitaji dola bilioni 114 za ujenzi kila mwaka, takribani mara tatu ya zilizokuwa zikitumika. Sehemu kubwa ya fedha za maji na vyoo hutoka kwa kaya zenyewe na serikali zao. Umoja wa Mataifa ulitambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu tarehe 28 Julai 2010, na mwenye wajibu wa kwanza wa kuitimiza haki hiyo ni serikali ya nchi husika. Kwa hiyo bajeti ya matengenezo ya halmashauri inastahili kusomwa kwa makini kuliko hotuba ya balozi.

Mradi haujafika, au umeharibika. Nyumbani tufanye nini?

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kama unaishi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kisha yaweke katika chombo chenye mfuniko na uyatoe kwa bomba au kwa kumimina, si kwa kuchovya kikombe. Ukitumia klorini fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa; maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Nawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni, nacho kina vimelea.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), na aendelee kunyonya na kula. Pakiti zikikosekana, koroga vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Omba pia zinki kituoni. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, akiwa mlegevu, akitapika kila anachopewa au akitoa choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, huku ukiendelea kumnywesha njiani.