Gitaa la viraka na chumba cha 5150: Van Halen kwa macho ya fundi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea gitaa la umeme la bei nafuu. Analalamika kwamba akiongeza sauti kidogo tu, spika zinapiga mluzi hadi watu wanaziba masikio. Nikalifungua. Tatizo lilikuwa kwenye pikapu (ya gitaa, ile sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, si ile ya kubebea mchanga). Waya wake, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umelegea. Sauti ikipanda, waya wenyewe unatetemeka, mtetemo unaingia kwenye amplifaya, amplifaya inaupeleka kwenye spika, spika inautetemesha waya tena, na mzunguko haukatiki.

Dawa yake ni nta, inaushika waya usitetemeke. Nikayeyusha nta kwenye kopo, kopo nikaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana nta ikikaa moja kwa moja juu ya jiko inaweza kushika moto, au ikayeyusha plastiki iliyobeba waya. Nikaizamisha pikapu, nikangoja vipovu vya hewa viishe, nikaitoa na kuipangusa. Kijana akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia kazi hii Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Marekani iitwayo Van Halen, aliifanya miaka ya sabini kule California, kwa kopo la kahawa, na aliharibu pikapu kadhaa kabla ya kupata moja iliyokubali. Akasema hajawahi kumsikia. Basi makala hii ni yake.

Ukisoma habari za bendi ya Van Halen, karibu kila mahali utaikuta imegawanywa kwa waimbaji: enzi ya David Lee Roth, enzi ya Sammy Hagar, kisha ile ya Gary Cherone ambayo hakuna anayependa kuizungumzia. Mgawanyo huo si mbaya. Ila mimi nashinda na chuma cha kulehemia mkononi, na naiona hadithi kutoka upande mwingine. Mara nyingi kabla bendi hii haijageuka, kuna kitu kilikuwa kimeshageuka mezani kwa Eddie.

Tuanze na familia. Jan van Halen alikuwa mpiga klarineti na saksafoni Uholanzi. Mkewe, Eugenia, alizaliwa Java wakati Indonesia ikiwa koloni la Waholanzi. Mwaka 1962 wakapanda meli kwenda Marekani na watoto wawili, Alex na Edward, pesa kidogo, na piano. Walifikia Pasadena, California. Baba akawa anafanya usafi mchana na kupiga muziki usiku, mama akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Watoto wakapelekwa kwa mwalimu wa piano. Eddie alishinda mashindano miaka kadhaa mfululizo ilhali nota hakuwa anazisoma sawasawa: alikuwa anatazama vidole vya mwalimu na kusikiliza. Hiyo piano ishikeni, tutaihitaji mbele.

Walipofika kwenye roki, Eddie ndiye alikuwa na dramu na Alex ndiye mwenye gitaa. Eddie akitoka kusambaza magazeti ili alipie dramu zake, kaka mtu anabaki nyumbani akizipiga. Alipokuja kugundua kwamba Alex amempita, akaziacha na kuchukua gitaa.

Bendi yao waliiita Genesis, kisha Mammoth. Vyombo hawakuwa navyo, wakawa wanavikodi kwa kijana mmoja mwenye maneno mengi, David Lee Roth. Hesabu ikawaonyesha kuwa kumwingiza kundini ni nafuu kuliko kumlipa kila wikiendi. Sisi tuliokulia kwenye dansi hatushangai, mwenye vyombo daima ana nafasi jukwaani. Mwaka 1974 akaja Michael Anthony kwenye besi, jina likawa Van Halen, nalo ni wazo la Roth. Wakapiga kwenye sherehe za uani Pasadena, ambako polisi walikuwa wakija kuwatawanya watu, na baadaye kwenye klabu za Sunset Strip, Los Angeles. Gene Simmons wa bendi ya Kiss aliwalipia rekodi za majaribio mwaka 1976, hazikuzaa mkataba. Mwaka uliofuata prodyuza Ted Templeman na bosi wa Warner Bros., Mo Ostin, wakawakuta wanapiga kwenye klabu ya Starwood, wakawachukua.

Sasa tuje mezani.

Eddie alikuwa na shida moja. Gitaa za Fender zilikuwa na mkono wa kuyumbisha nyuzi alioupenda, lakini sauti yake aliiona nyembamba. Za Gibson zilikuwa na sauti nene, mkono huo hazina. Akanunua mbao zilizokataliwa: bodi kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Akachimba shimo kwenye bodi, akapachika pikapu ya Gibson, ile iliyopita kwenye nta. Vitufe vya kurekebisha sauti akaacha kimoja tu, cha kuongeza na kupunguza, na juu yake akaweka kifuniko kilichoandikwa “Tone”, yaani neno halihusiani na kazi. Akabandika utepe na kupuliza rangi, mistari myeusi na myeupe, na baadaye nyekundu. Watu wakaliita Frankenstein, kama lile zimwi la hadithini lililoungwa kwa vipande vya maiti. Baada ya miaka michache, alipofunga daraja jipya (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi) la Floyd Rose, alitaka lilale sawasawa na bodi ili lisirudi nyuma, akapigilia chini yake sarafu ya senti 25 ya mwaka 1971. Mimi nimefanya hivyo kwa sarafu ya hapa kwetu, na inafanya kazi vizuri kuliko vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

La pili ni umeme. Amplifaya yake ilikuwa Marshall ya wati 100, ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), na utamu wake hutoka ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kwenye klabu ndogo ukiifungua hivyo unafukuzwa. Akapata transfoma ya kurekebisha volti, Variac, akashusha umeme kutoka 120 hadi karibu 90. Yaani alijitengenezea kwa makusudi kile ambacho sisi huku tunakilalamikia: umeme mdogo. Valvu zikipata volti pungufu zinalemewa mapema, sauti inakuwa na mikwaruzo laini, na inajibu vidole kama mtu anayeongea. Waandishi walipomuuliza, aliwahi kuwaambia kwamba anaipandisha. Kuna vijana waliounguza amplifaya zao kwa kumwamini.

La tatu ni mkono wa kulia. Badala ya kuuacha ukikwaruza nyuzi tu, aliuleta juu ya shingo ya gitaa, kidole kikagonga uzi kama nyundo huku mkono wa kushoto ukiendelea na kazi yake. Hakuwa wa kwanza kugonga hivyo, ila kabla yake wengi walikuwa wanadokoa tu. Yeye aliimba nayo sentensi nzima. Ukimsikiliza vizuri utagundua ni mikono miwili ya mpiga piano. Kwenye klabu alikuwa akipiga sehemu hizo ameupa ukumbi mgongo, ili wenzake wasimwibie.

Albamu ya kwanza ilitoka Februari 1978. Ilirekodiwa Sunset Sound, Hollywood, kwa wiki chache, karibu yote kwa kupiga pamoja. Vaa spika za masikioni uisikilize: gitaa liko kushoto, na kulia kuna mwangwi wake tu. Eddie aliulalamikia mpangilio huo, mimi naupenda, unamweka msikilizaji ndani ya chumba. “Eruption”, dakika moja na sekunde 42 za gitaa, haikuwa kwenye mpango. Alikuwa anapasha vidole moto kabla ya onyesho, fundi mitambo Donn Landee akawasha mashine. Albamu hiyo imevuka nakala milioni 10 Marekani. Mwaka huohuo waliwafungulia maonyesho bendi ya Black Sabbath, na jamaa wa Sabbath walikuwa na usiku mgumu.

Zikafuata albamu kila mwaka, 1979, 1980, 1981. Ya 1981, Fair Warning, ni ya giza na iliuza kidogo kuliko nyingine za wakati huo. Mafundi wengi tunaiweka juu.

Kuhusu zile pipi, kwa kuwa kila mtu huuliza. Ndiyo, mkataba wao ulidai bakuli la M&M's bila hata moja ya kahawia. Roth alieleza kwamba bendi ilikuwa inasafiri na malori mengi kuliko kumbi zilivyozoea, na mkataba ulijaa masharti ya ampia za umeme na uzito ambao sakafu inapaswa kubeba. Akikuta pipi ya kahawia, anajua hawakuusoma, na anaagiza kila kitu kikaguliwe upya. Kwa maelezo yake, huko Pueblo, Colorado, jukwaa lilididimia kwenye sakafu mpya ya ukumbi kwa sababu hiyo. Nimefunga vyombo kwenye kumbi ambazo soketi moja ilitegemewa kuwasha jukwaa zima, kwa hiyo siwezi kumcheka. Ningekuwa na umaarufu wao, ningedai njugu bila maganda.

Mwaka 1982 ndipo mambo yalianza kukaza. Kampuni ilitaka albamu ya haraka, ikatoka Diver Down, nyimbo tano kati ya 12 zikiwa za watu wengine. Ina kitu kimoja ninachokithamini sana, mzee Jan akipiga klarineti na wanawe. Lakini Eddie aliichukia hali hiyo, akasema bora aanguke na nyimbo zake kuliko apae na za wengine. Mwaka huohuo alimpigia Michael Jackson solo ya “Beat It” bila kudai malipo, bila kuwaaga wenzake. Mwezi Mei 1983 bendi ililipwa dola milioni 1.5 kwa onyesho moja kwenye tamasha la US Festival. Na nyuma ya nyumba yake Eddie akajenga studio. Kwenye karatasi za mji iliandikwa kuwa ni kiwanja cha mchezo wa raketi. Akaiita 5150, namba ya kifungu cha sheria ya California kinachoruhusu mtu aliyechanganyikiwa kuzuiliwa kwa uangalizi.

Kwangu, bendi iligeuka siku mlango wa chumba hicho ulipofungwa. Kabla yake, muda wa studio ulikuwa wa kampuni, saa zinahesabiwa, na Templeman na Roth wana sauti. Sasa mwenye gitaa ana mashine zake na Landee pembeni, na akitaka kuamka usiku wa manane haulizi mtu. Akaitoa ile piano ya utotoni, safari hii ikiwa kinanda cha umeme cha Oberheim OB-Xa. Alikuwa na tuni ambayo wenzake, Roth akiwa mbele, waliikataa kwa miaka. Akairekodi hapo na Landee. Roth akaja kuiandikia maneno, nayo ikawa “Jump”. Mwaka 1984 ilikaa namba moja Marekani wiki tano, wimbo wao pekee kufika hapo. Albamu yenyewe, 1984, iliishia namba mbili, imezibwa na Thriller ya Michael Jackson, ambayo ndani yake kuna solo ya Eddie mwenyewe.

Roth aliondoka mwaka 1985. Watu husema majivuno, na majivuno yalikuwepo pande zote. Lakini mwimbaji aliyeingia kwa sababu ya vyombo vyake alijikuta kwenye nyumba ambayo vyombo vyote ni vya mwingine.

Hagar aliletwa na fundi wa magari. Yeye na Eddie walikuwa wateja wa gereji moja ya magari ya kifahari. Albamu nne walizofanya naye, kuanzia 5150 ya 1986 hadi Balance ya 1995, zote zilifika namba moja, kitu ambacho Roth hakukipata. Sauti ya gitaa ilinyooka, ikawa safi na pana, kinanda kikakaa kila kona. Hagar anaimba vizuri kuliko Roth, hilo halina ubishi, na bado nikiwa peke yangu naweka za mwanzo. Alitoka 1996 kwa ugomvi uliohusu wimbo wa filamu. Roth akarudi kwa nyimbo mbili, wakaonekana pamoja kwenye tuzo za MTV, wakagombana palepale. Cherone akaingia, albamu ya 1998 ikaanguka, mwaka uliofuata akaondoka.

Kisha Eddie akapata saratani ya ulimi, ikawa miaka mirefu ya pombe, ziara na Hagar mwaka 2004 ambayo iliisha vibaya. Mwaka 2006 Michael Anthony aliondolewa, nafasi yake akapewa Wolfgang, mtoto wa Eddie, mwenye miaka 15. Kijana ana kipaji, sina neno naye. Ila ile sauti ya juu ya Anthony nyuma ya kila kiitikio ilikuwa nusu ya utambulisho wa bendi. Ni kama kubadilisha spika nzima kwa sababu humpendi aliyeifunga. Walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2007, waliofika ni Anthony na Hagar tu.

Roth alirudi mwaka huohuo kwa ziara, na mwaka 2012 wakatoa A Different Kind of Truth. Nyimbo kadhaa zilifufuliwa kutoka rekodi za majaribio za miaka ya sabini, enzi za gitaa la dola 130. Onyesho la mwisho lilikuwa Hollywood Bowl, tarehe 4 Oktoba 2015. Eddie alifariki tarehe 6 Oktoba 2020, akiwa na miaka 65.

Chumba cha 5150 bado kinafanya kazi. Wolfgang alirekodia humo albamu yake ya kwanza, akipiga kila chombo mwenyewe, na kundi lake akalipa jina la zamani la baba na baba mkubwa: Mammoth. Kwenye baadhi ya solo alilichukua lile gitaa la viraka. Bado lina kitufe kimoja, na juu yake bado pameandikwa “Tone”.