Mtandao wa jengo hadi jengo: waya wa kopa uishie ndani, nje pitisha faiba

Mvua za msimu huku kwetu Mtwara na Lindi zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili, na zikianza tu malalamiko yanayoletwa kitengo cha TEHAMA ni yaleyale, swichi imekufa, kompyuta ya mapokezi haisomi mtandao, rauta inawaka taa lakini poti zote kimya. Ukienda kuangalia unakuta waya wa mtandao wa Cat6, huu wa kopa yaani shaba, umetokea dirishani kwenye ofisi kuu, umefungwa kwenye mwembe, umeingia dirishani jengo la pili. Hapo hata begi la vifaa hufungui, jibu umeshaliona.

Watu wengi wanachojua ni kile kikomo cha mita 100 cha waya wa kopa. Ni kweli kipo, na boksi la waya kuwa na mita 305 haimaanishi uuvute wote, tena hizo 100 ni pamoja na vile vipande vya kuchomeka kwenye swichi na kwenye kompyuta, kwa hiyo waya wenyewe unaolazwa usizidi 90. Ila hata majengo yako yawe mita 30 tu bado nakwambia usitumie kopa.

Tatizo ni umeme. Kila jengo lina ethi yake, ile fimbo iliyochimbiwa ardhini, na ethi mbili haziwi sawa, hasa kwenye mchanga wetu huu ambao ukikauka haushiki kitu. Sasa radi ikipiga, na wala sio lazima ipige kwako, inaweza kupiga mnazi wa jirani, umeme unasambaa ardhini na kwa kitambo kidogo sana ethi ya jengo moja inaizidi ya mwenzake kwa maelfu ya volti. Huo umeme unatafuta pa kupita ujisawazishe, na njia umeshaitengenezea wewe mwenyewe, ule waya wako wa shaba. Poti ya ethaneti ina kitransifoma kidogo ndani ambacho kwa viwango kinatakiwa kihimili volti 1,500, na radi hiyo 1,500 haiijui kabisa. Kuna vile vikinga radi vya kufunga kwenye waya, sikatai, vinasaidia pale ambapo ethi ni nzuri, na ethi nzuri ndo tuliyoikosa toka mwanzo.

Faiba ni kioo, inapitisha mwanga, umeme haupiti. Chukua singo modi, ile faiba ya masafa marefu, hata kama umbali ni mdogo, maana kwa moduli za kawaida (vile vipande vinavyotuma na kupokea mwanga) inabeba gigabiti 1 mpaka kilomita 10, kwa hiyo iwe ni shule yenye madarasa mawili matatu ama chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) chenye ghala la korosho mbali na ofisi, umbali haukusumbui tena. Pale mwisho unafunga swichi yenye tundu la SFP, lile la kuchomeka moduli, au media konveta, kile kiboksi kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa kopa, halafu ndani ya jengo unaendelea na kopa yako kama kawaida.

Hizi konveta za uzi mmoja, zinazotuma na kupokea kwenye uzi uleule wa faiba, zinauzwa jozi, A na B, mmoja unatuma kwa nanomita 1310 unapokea 1550, mwenzake kinyume chake. Mtu anaenda dukani anakuta zimebaki A mbili anachukua hizohizo, anafunga, taa haiwaki, anaanza kusema faiba imekatika! Angalia na rangi ya vichwa vya faiba, bluu na bluu, kijani na kijani, kile cha kijani kimesagwa mshazari na ukikichomeka kwenye cha bluu kinaingia vizuri tu (ndo ubaya wake) ila mwanga unapotelea hapo. Na usichungulie kwenye ncha ya faiba kuona kama inawaka, mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kukuumiza.

Kebo iwe ile nyeusi ya nje, na uulize kama ina chuma ndani, maana kama ina uzi wa chuma au bati la kuzuia panya basi umeirudisha ileile njia ya radi, labda hicho chuma ukiunge na ethi pale kebo inapoingilia jengoni. Mimi napendelea isiyo na chuma kabisa, halafu panya na mchwa wapambane na bomba la HDPE, lile la plastiki ngumu. Mtaro sentimita 60 unatosha, bomba, udongo kidogo, utepe wa onyo, ndo unafukia, na ndani ya bomba acha kamba ya kuvutia kebo nyingine siku za mbele. Mikindani na pwani yote yenye jiwe la matumbawe jembe halishuki, hapo simamisha nguzo zako mwenyewe, zile za TANESCO usizifunge chochote bila ruhusa yao. Kama unakatiza barabara anza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa ni TANROADS.

Wapo wanaopenda redio za gigahezi 5, zinazorusha mtandao hewani, badala ya kuchimba, na kama majengo yanaonana vizuri zinafanya kazi, ila mwembe unakua kila mwaka unaziba njia na mtu haupunguzi, akishaona mtandao mzito anaipigia kampuni ya intaneti.

Mtaro usiufukie siku hiyohiyo. Washa pande zote mbili, hamisha faili kubwa toka jengo moja kwenda jingine, mwambie fundi apime mwanga unaofika akuandikie namba yake, ndo umruhusu mwenye koleo.