Mwanafunzi wa Udaktari wa Mifugo Anapovaa Fulana ya Kampuni

Kila Agosti viwanja vya maonesho ya Nane Nane vya Themi, Njiro, jijini Arusha, hujaa fulana. Za njano, za kijani, za bluu, nyingine bado zina mikunjo ya boksi. Kwenye mabanda ya dawa za mifugo, baadhi ya wanaozivaa ni wanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, waliorudi nyumbani likizo, na wenzao wa stashahada kutoka chuo cha mifugo cha LITA Tengeru. Kampuni imewapa kofia, posho ya siku na kazi ya kueleza bidhaa. Mfugaji akifika bandani hamwoni mwanafunzi. Anamwita dokta.

Mwaka mmoja nilikuwa nimesimama kando ya banda la namna hiyo akaja mama mmoja wa Usa River.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba, dokta wangu. Ng'ombe wangu ana joto kali, tezi imevimba hapa chini ya sikio, tangu juzi hataki kula."

Kijana akageuka rafuni, akachukua chupa ya OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 20, akaanza: sindano moja tu mama, inakaa mwilini siku tatu, mili 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Alieleza vizuri, kwa adabu, na yote yalikuwa sahihi kama yalivyo kwenye kipeperushi. Kasoro ni kwamba mama alikuwa ameeleza dalili za ndigana kali, na kwa ng'ombe ambaye ndigana imeshamshika, OTC haiponyi.

Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe. Si bakteria. Dawa yake ni buparvakwoni, na lazima iwahi, kabla mapafu hayajajaa maji na ng'ombe hajaanza kutoa povu puani. Daktari mwenye hadubini huvuta majimaji kidogo ya tezi kwa sindano, akayapaka kwenye kioo na kukitafuta kimelea chenyewe. Sasa kwa nini wafugaji wengi huku kwetu huamini kuwa OTC ni dawa ya ndigana? Wana sababu, wala si ujinga. Chanjo ya ndigana ni vimelea hai. Ng'ombe huchomwa vimelea hivyo na siku hiyohiyo huchomwa OTC ya muda mrefu, ili ivibane wakati mwili unajifunza kujilinda. Wafugaji wa Monduli, Longido na Simanjiro wameziona sindano hizo mbili zikienda pamoja kwa zaidi ya miaka 20. Ukiona jambo miaka yote hiyo, utahitimisha. Mwanafunzi wa mwaka wa nne ndiye hasa aliyepaswa kufungua fundo hilo. Siku ile alilikaza.

Nilimvuta mama pembeni, tukampigia simu afisa mifugo wa kata yake. Kijana nilimngoja hadi jioni.

Sikumwambia aache kazi, na hapa simwambii mwanafunzi yeyote aache. Mimi mwenyewe niliifanya. Bumu lilichelewa, mtu wa mauzo wa kampuni moja akaniachia katoni ya dawa za minyoo mali kauli, chupa 24. Niliuza tisa. Zilizobaki zilifikia tarehe ya mwisho zikiwa chini ya kitanda changu bwenini, na deni likabaki kwa jina langu. Hakukuwa na karatasi yoyote kati yetu, kila kitu tulikubaliana kwa mdomo tukinywa chai. Kwa hiyo mtu wa kampuni akikuita, swali la kwanza lisiwe unalipwa kiasi gani. Uliza mzigo ni wa nani ukidoda.

Marekani kazi hii imekuwa na utaratibu kwa muda mrefu. Kampuni za chakula cha mbwa na paka kama Hill's, Purina na Royal Canin, na za dawa kama Zoetis, huwa na wawakilishi miongoni mwa wanafunzi wenyewe katika vyuo vya udaktari wa mifugo. Mwakilishi huandaa mihadhara ya mchana yenye chakula, huwaeleza wenzake kuhusu punguzo la bei na hugawa sampuli. Anaowahudumia ni wanafunzi wenzake, ambao kesho watakuwa madaktari na watakumbuka jina la mfuko waliolishia mbwa wao chuoni. Ndiyo hesabu ya kampuni, na haifichwi sana. Kwetu hesabu ni nyingine, kwa sababu mwakilishi wetu hakai na wenzake darasani. Anakaa na mfugaji, na mfugaji anaondoka na chupa mkononi.

Ndiyo maana kamisheni ya kila chupa inanitia wasiwasi kuliko posho. Posho unalipwa hata ukimwambia mama wa Usa River kwamba dawa hii si yake. Kamisheni inakulipa ukinyamaza. Najua wapo watakaosema kijana mwadilifu hatayumba kwa shilingi elfu mbili. Labda. Lakini ukifika mwisho wa mwezi na kodi ya chumba haijalipwa, elfu mbili hubadilisha hata namna ya kusikiliza dalili.

Jambo jingine ni majina. Mwanafunzi anayeanza na kampuni mapema huzijua dawa kwa jina la biashara kabla hajazijua zenyewe. Nimewahi kumuuliza mmoja tofauti ya chupa mbili za dawa ya minyoo, akanieleza bei, rangi na nchi zilikotoka. Zote mbili zilikuwa albendazo. Hakuwa amegeuza chupa. Mfugaji wa Marangu mwenye ng'ombe watatu wa ndani, mmoja ana mimba changa, anahitaji mtu anayejua kuwa albendazo haifai kwa mimba ya mwanzo, awe amevaa fulana ya rangi yoyote. Ukipewa bidhaa kumi za kueleza, andika kwenye daftari kiini cha kila moja, yaani dawa yenyewe iliyomo, inaua nini, haiui nini, na maziwa yamwagwe siku ngapi kwa sababu ya dawa inayobaki ndani yake. Hilo la maziwa ni nadra kutajwa bandani, kwa sababu hakuna anayependa kumwambia mteja kwamba baada ya kununua dawa atamwaga na maziwa. Lipo kwenye lebo. Lisome kwa sauti.

Kuhusu sheria sitakaa sana. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka anayetibu mifugo awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari, na mwanafunzi hutibu akiwa chini ya msimamizi. Fulana haibadilishi hilo. Kueleza bidhaa ni sawa. Kwenda Ngaramtoni na bodaboda kumchoma ng'ombe wa mtu kwa sababu umemuuzia dawa, si sawa. Chanjo nazo hazibebwi kwenye begi la mgongoni. Nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na hata ile ya kideri cha kuku inayovumilia joto haiwekwi juani mezani ili ipendeze.

Mfugaji naye ana haki ya kuuliza, na haoneshi dharau akiuliza. "Mwanangu, wewe ni daktari au bado unasoma?" Anayejibu "bado nasoma, mama" bila kuona aibu, endelea kumsikiliza.

Yule kijana wa Themi alikuja ofisini kwangu mwezi wa tisa na mkataba wa kurasa mbili. Tuliusoma pamoja. Kipengele cha kamisheni alikipiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaongeza kwa mkono kwamba mzigo usiouzwa unarudi kwa kampuni. Nilimwambia watakataa. Walikubali mzigo urudi, posho wakaipunguza, na wakamwongezea katoni ya glovu ambayo hakuiomba.