Je, wajua kwa nini mtutu wa bunduki hufa kabla ya bunduki yenyewe?

Swali lilizuka barazani, uwanja wa mbele ya Ngome ya Lamu, kahawa chungu ikizunguka mara ya pili. Kijana wa jirani yetu anafanya kazi katika kambi ya uwindaji kusini mwa Tanzania, na alikuwa amekuja nyumbani kwa Maulidi. Akasimulia kwamba tajiri wake ameipeleka bunduki kwa fundi ing'olewe mtutu, utiwe mwingine. Seremala mmoja, mtu mzima aliyeanza kuchonga milango tangu enzi ya keekee, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mtutu si chuma? Chuma kitachakaaje kwa kupitisha risasi? Na kama umechakaa, si anunue bunduki nyingine?"

Swali zuri, na kwetu si ajabu kuulizwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo aliyezaliwa baada ya hapo bunduki anayoijua ni ya askari. Zamani hizo hata Malindi wawindaji walipita: mwaka 1934 Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alifika huko kuvua samaki wa bahari kuu baada ya safari ya kuwinda bara, safari aliyobeba bunduki ya Springfield ya kaliba .30-06. Kaliba hiyo, yaani aina na kipimo cha risasi ambayo bunduki inaipokea, iweke akilini, tutairudia.

Tuanze na kufa kwa mtutu. Baruti inapowaka, gesi yake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na shinikizo lake hupita mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta. Risasi hukaa ndani ya mtutu kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde tu, kisha imetoka. Sasa piga hesabu: bunduki iliyofyatuliwa mara 3,000, ukijumlisha muda wote ambao mtutu wake umefanya kazi, haufiki sekunde tano. Sekunde tano ndizo umri wake! Lakini ni sekunde tano za moto wa kuyeyusha. Panapoliwa kwanza ni kooni, yaani pale risasi inapotoka kwenye chemba, kijumba inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na kuingia kwenye mifuo, ile michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Chuma cha hapo hupasuka nyufa ndogo kama udongo wa chumvini uliokauka, kisha kila mlipuko unabeba chembe. Risasi huanza kuingia njiani kombo, na shabaha huparaganyika.

Bunduki iliyobaki haina neno. Mtambo wa kufyatulia, komeo linaloifunga chemba kwa nyuma, na tako la begani vinaweza kudumu miaka mingi, na mwenye bunduki ameshazoea kuikumbatia begani. Ni kama jahazi: hutupi jahazi zima kwa sababu tanga limechanika.

Na si mitutu yote hufa kwa umri mmoja. Aliyepita na mashua mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakitoka, anajua kwamba maji mengi yakilazimishwa kupita pembamba hukimbia na kukwangua. Baruti ni hivyo hivyo. Kaliba ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, huchoma takriban gramu tatu za baruti kwa kila risasi. Ile ya 6.5 Creedmoor huchoma karibu kiasi hicho hicho, ila tundu lake ni dogo kwa kama robo. Ndiyo maana wapigaji hukadiria ya kwanza kufikisha risasi 5,000 au zaidi kabla ya shabaha kuharibika, na ya pili kama nusu ya hapo. Ukienda kwenye zile zinazoitwa magnamu, zenye ganda nene (kile kikopo cha chuma kinachobeba baruti) na baruti gramu nne na zaidi, hesabu inashuka tena, wakati mwingine hadi elfu moja na kitu. Kasi hulipiwa kwa chuma.

Hapo seremala akauliza lililo gumu zaidi: "Basi akishaung'oa, huo mpya anauchagua vipi?"

Watu wengi hudhani mtu huchagua mtutu, halafu hutafuta risasi ya kuutia. Kwa maoni yangu wanaojua huanza upande wa pili. Huanza na kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, kwa sababu mtutu hutengenezwa ukikifuata hicho.

Sababu iko kwenye pia, kile kichezeo cha kuzungusha. Sote tulicheza pia utotoni: ukiisimamisha tu inaanguka, ukiizungusha kwa kamba inasimama wima kwa ncha. Risasi ndefu yenye ncha kali nayo haipendi kuruka ikitangulia kwa ncha. Uzito wake umelalia nyuma, upepo unaisukuma mbele, kwa hiyo ikiachiwa hupinduka. Kinachoizuia ni kuzunguka. Ndani ya mtutu imechongwa mifuo inayojipinda kama parafujo, na risasi inapoibana hulazimika kuzunguka nayo. Risasi ya 6.5 Creedmoor ikitoka kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde, kwenye mfuo unaokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 8, huwa inazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde. Hakuna pia ya mtoto yeyote iliyofika huko.

Kadiri risasi inavyokuwa ndefu ikilinganishwa na unene wake, ndivyo inavyotaka mzunguko wa kasi zaidi. Kanuni ya kukadiria hili iliandikwa mwaka 1879 na mwanahisabati Mwingereza, George Greenhill, na mpaka leo mafundi wanaianzia hapo kabla ya kuingia kwenye programu za kompyuta. Tazama inavyomhusu tajiri wa kijana wetu. Bunduki yake ni .270 Winchester, kaliba ya mwaka 1925, na mfuo wake wa kawaida hukamilisha mzunguko kila inchi 10. Kwa risasi fupi za enzi hiyo ulitosha. Risasi za siku hizi za masafa, ndefu na nyembamba ili zipenye upepo bila kupoteza kasi, mfuo huo hauzitoshi. Zinayumba na kutoboa karatasi kwa ubavu. Akitaka kuzitumia, lazima mtutu mpya uwe na mfuo wa kasi, inchi 8 hivi. Aliyenunua mtutu kwanza na kuuliza baadaye huligundua hili akiwa ameshalipa.

Baada ya kichwa, mtambo nao una kauli yake. Komeo limetengenezwa kushika kitako cha ganda chenye upana maalumu. .270, .30-06, .280 Remington, .308 na 6.5 Creedmoor zote zina kitako cha milimita 12, kwa hiyo komeo moja linazipokea. Magnamu kama .300 Winchester ya mwaka 1963 ina kitako cha milimita 13 na nusu, na anayeitaka atabadilisha komeo pia, gharama ambayo wengi huisahau. Kisha kuna urefu. Mtambo uliotengenezwa kwa .308, risasi nzima ya milimita 71, hauwezi kumeza .30-06 ya karibu milimita 85. Kinyume chake huwezekana, ila unabaki na nafasi tupu.

Urefu na unene wa mtutu tusiupe muda mwingi. Kila inchi unayokata hupunguza kasi ya risasi kwa kama mita sita hadi tisa kwa sekunde, na mtutu mrefu hukwama kichakani. Mnene hushika moto polepole, ila ni mzito kubeba. Unamfaa anayepiga shabaha siku nzima. Mwindaji hupiga risasi moja, pengine mbili, mtutu ukiwa baridi, kwa hiyo sioni haja ya kubeba gogo.

Na masafa? Mnyama aliye mita 500 mbele, risasi humfikia baada ya robo tatu ya sekunde hivi, na wakati huo imeshaanguka zaidi ya mita mbili chini ya mstari wa mtutu. Darubini inaweza kusahihisha mwanguko. Haiwezi kumzuia swala asipige hatua, na hilo hakuna mtutu unaolitibu. Ndiyo sababu sivutwi na anayejisifu kwa kasi. W. D. M. Bell, yule mwindaji wa zamani wa Karamoja, Uganda, aliua ndovu kwa mamia akitumia zaidi kaliba ndogo ya .275 Rigby, kwa kujua mahali pa kulenga. Si mfano wa kuigwa, ndovu wa watu, lakini ni jibu kwa anayedhani ukubwa wa risasi ndio kila kitu.

Kazi ya fundi mwenye leseni inabaki kwenye chemba. Ganda likikaa ndani, nafasi kati yake na komeo iwe sawasawa. Hupimwa kwa vipimo viwili vya chuma, kimoja ambacho komeo lazima lifungike juu yake na kingine ambacho lazima likatae. Ikizidi, ganda laweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Kisha jina la kaliba mpya huchongwa juu ya mtutu, asije mtu miaka kumi baadaye akatia risasi isiyo yake.

Tajiri alichagua nini? Kijana akacheka. Baada ya miezi ya kusoma kuhusu risasi nyembamba, aliagiza .30-06, ile ile ya Hemingway, komeo likabaki lile lile. Mfuo wa inchi 10 unazitosha risasi nzito za kaliba hiyo, na mtu akipotelewa na mzigo uwanja wa ndege, risasi za .30-06 ni rahisi kuzipata kuliko za kaliba mpya.

Seremala akanywa kilichobaki. "Na ule mtutu wa zamani? Mwambie aniletee, nitautengenezea keekee." Kijana akamjibu kwamba haiwezekani, ami: kwa sheria ya Kenya, hata mtutu peke yake, uliochakaa, bila komeo wala tako, ni silaha.